Shemeji Yangu na Kamati ya Madaraja

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alijenga madaraja miaka thelathini na minne, na katika maisha yake yote hajawahi kutazama mpira hata dakika moja. Shikeni hayo mawili tu, maana ndiyo yaliyobadilisha ligi ya nchi nzima.

Mtaani tunamwita Nguzo. Si kwa sababu ya urefu. Urefu hana, akisimama kando ya pipa la maji watu humwekea ndoo kichwani. Tunamwita hivyo kwa ukaidi. Akishasimama mahali, hasogei. Lori liliwahi kurudi nyuma likamgusa mgongoni, likazima. Dereva akashuka akazunguka kuangalia kama taa zake za nyuma zimepona. Nguzo hakugeuza hata shingo, alikuwa anapima kitu kwa jicho.

Sikio lake la kushoto liliharibiwa na baruti walipokuwa wakipasua mawe ya msingi. Lipo, linashika miwani, lakini kazi ya kusikia liliacha. La kulia linasikia yale linayoyataka, na habari za mpira halikuzitaka kamwe.

"Watu wazima ishirini na wawili wanagombania kitu kimoja," alikuwa akisema, "na kila anayekipata anakipiga teke kiende zake. Sasa kama hukitaki, ulikuwa unakigombania cha nini?"

Mimi mwenyewe nimejaribu kumweleza, nimeshindwa.

Alipostaafu walirudi kukaa huku kwetu, upande wa pili wa kijito. Kijito chenyewe ukikiona kiangazi utakionea huruma, kuku anavuka bila kulowa tumbo. Mvua ikinyesha huko juu kinageuka kitu kingine. Mwaka juzi kilipita na mbuzi wawili, banda, na choo kilichokuwa na mtu ndani; na mtu yule anasema hakugundua lolote mpaka alipofungua mlango akakuta anatazamana na mtaa mwingine.

Zamani tulikuwa na daraja la miguu. Alilijenga Nguzo akiwa kijana, likakaa miaka ishirini na sita bila kulalamika. Halafu wakubwa wakaja kulikarabati. Walilipaka rangi, wakapiga picha, wakaondoka. Na mvua ya kwanza ilipokuja, daraja nalo likaondoka. Tangu hapo tunavuka kwa kuruka mawe. Soko liko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, kituo cha mabasi kiko ng'ambo. Huku kwetu tumebakiwa na hewa safi.

Mdogo wangu magoti yalimwacha mapema. Mawe yale hayawezi. Basi mumewe akawa anamvusha mgongoni, na mdogo wangu si mwanamke wa kupeperushwa na upepo. Ukiwatazama kwa mbali ungeona mama mnene anatembea juu ya maji kwa miguu mifupi ya kuazima. Siku moja jiwe likamteleza Nguzo, wakaanguka wote wawili. Watu wanaokaa huko chini wanasema maji yalikatika kwa dakika tano, wakatoka nje kuuliza kuna nini. Alipopandishwa ukingoni, mdogo wangu alikamua nguo zake, akamwambia mumewe mbele ya watu wote:

"Mgongo wako, basi! Nitavuka siku nitakapovuka kwa miguu yangu mwenyewe, tena nimevaa viatu."

Na mdogo wangu akishasema, amesema. Ikapita miezi hajavuka.

Katika miezi hiyo binti yao, aliyeolewa ng'ambo, akajifungua. Mjukuu wa kwanza. Mvua zilikuwa zinaendelea, mawe yana utelezi, na binti akasema hawezi kuruka na kichanga mikononi. Hakuna aliyemlaumu. Njia ya kuzunguka ipo, lakini ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye magoti. Basi ikawa kila asubuhi binti anakuja ukingoni mwa kwao, mama yake anasimama ukingoni mwa kwetu, na mtoto anainuliwa juu kama nguo ya sokoni.

"Mwinue kidogo! Geuza sura huku!"

"Mama, hiyo ndiyo sura."

"Mbona ina nywele?"

"Vaa miwani, mama."

"Nimevaa! Msogeze karibu."

"Karibu wapi tena? Miguu yangu iko majini."

Mdogo wangu akirudi nyumbani anakaa kitandani anayatazama magoti yake kama watu waliomtapeli. Nguzo aliyaona yote hayo, akachukua penseli yake ya fundi, akaanza kuandika barua.

Aliziandikia ofisi zote zenye mlango. Anaingia, anauliza, "Mkubwa yupo?" anaacha barua mezani, anatoka. Moja aliiacha kwenye jengo la ghorofa moja lenye kibao kilichoandikwa SHIRIKISHO. Maneno yaliyofuata, LA MPIRA, yalidondoka zamani, na kipande chake kinazuia mvua kwenye banda la kuku la mlinzi. Nguzo akaona shirikisho ni shirikisho, hapatakosa mtu wa madaraja humo.

Hakukosea. Ndani ya jengo lile walikuwa hawazungumzi kitu kingine. Lugha yetu ina neno moja tu: unalovukia mto ni daraja, na lile timu inalopanda na kushuka ni daraja. Waliolitunga hawakudhani siku moja hayo mawili yatakutana kwenye jalada moja.

Mpika chai wa ofisi ile nimekua naye, na masikio yake yote mawili yanafanya kazi, ndiyo maana haya nayajua kama vile nilikaa chini ya meza. Anasema ligi ilikuwa inaumwa. Mwaka wa kwanza waliifanya ya timu kumi na sita. Uliofuata wakaifanya ya ishirini. Uliofuata wakaikata vipande viwili, mashariki na magharibi, na timu moja iliyokuwa katikati ikapangwa kotekote. Ikawa ya kwanza huku na ya mwisho kule, wakaipa kombe na kuishusha siku hiyohiyo. Wakairudisha ya ishirini, na sasa walitaka muundo mpya kabisa, wa baadaye, wa kudumu. Mwenyekiti akasema kamati ya safari hii lazima iwe na mtaalamu mmoja asiye na timu, asije akavutia kwake. Wajumbe wote wakainamia karatasi zao.

Katibu akafungua kabati, akatoa jalada lenye neno MADARAJA. Ndani mlikuwa na buibui mmoja na barua moja. Akaisoma kwa sauti:

"Nimefanya kazi ya madaraja kwa miaka thelathini na minne. Madaraja ya nchi hii yameoza. Muundo wake ni mbovu, msingi hakuna, na wanaoyasimamia hawajui hata pa kuweka mguu. Wakubwa wanapita salama, wadogo wanazama. Mkinipa nafasi nitawachorea litakalodumu."

"Huyu," akasema mwenyekiti, "anatufahamu."

Ndivyo ilivyomfikia shemeji barua yenye muhuri, inayomwalika kwenye Kamati ya Muundo Mpya wa Madaraja. Alimsomea mkewe mara tatu. Mdogo wangu aliingia chumbani, akavuta viatu kutoka chini ya kitanda, akavipiga brashi mpaka ukaweza kujitazama meno.

Ukumbi wa kamati una meza ndefu, feni inayogonga kila ikimaliza mzunguko, na kombe la zamani kwenye kabati la kioo ambalo ufunguo wake uliondoka na mwenyekiti fulani wa nyuma. Nguzo aliketishwa pembeni, sikio bovu likielekea meza. Saa tatu asubuhi wakaanza.

Yeye alidhani hawajaanza. Watu walikuwa wanazungumza mpira. Na katika kazi yake yote alishazoea: wakubwa wakikutana hupiga kwanza soga za mpira, chai ikija ndipo kazi huanza. Akaweka mikono mapajani, akangoja soga ziishe.

Mjumbe mmoja mnene alitaka timu ishirini. "Timu nyingi, mechi nyingi, vijana wengi wanapata ajira!" Timu yake ilikuwa ya kumi na tisa. Mjumbe wa miwani myeusi alitaka kwa miaka mitatu isishuke timu hata moja, ili klabu zipate muda wa kujipanga. Yake ilikuwa ya mwisho, na imekuwa ikijipanga tangu enzi za baba yake. Mwingine alitaka ligi ichezwe na wenye viwanja vyao wenyewe tu. Mwenye kiwanja chake alikuwa mmoja.

"Sasa itacheza na nani?" katibu akauliza.

"Hilo litaangaliwa na kamati ndogo."

Chai ikaja. Nguzo akaona sasa ndiyo kazi, akavuta kiti, akageuza sikio zima. Na kweli, mwenyekiti akamwelekea.

"Mzee wetu, tumezunguka sana. Tuje kwenye madaraja. Kwa hali ya nchi yetu, unashauri yawe mangapi?"

Nguzo akasimama. "Moja."

"Moja tu?"

"Likiwa imara, moja linatosha. Sasa hivi mnayo mangapi?"

"Manne."

"Lipi linapitika?"

Wakatazamana. "Kusema kweli," akasema katibu polepole, "hakuna."

"Basi."

Mwenyekiti akaandika. "Na kushuka je, mzee? Kila mwaka washuke wangapi?"

Nguzo akamtazama kama mtu aliyeona kichaa kashika wembe. "Washuke? Kutoka darajani? Mnataka kuua watu?"

Mjumbe wa miwani myeusi akapiga makofi peke yake.

"Na kupanda?"

"Kupanda kuwepo, lakini kwa mteremko mdogo, pande zote mbili. Asipande mtu kwa kuruka. Mtoto apande, mwanamke apande."

"Timu za vijana na timu za wanawake," katibu akanong'ona, akapiga mstari chini yake mara mbili.

"Na uwezo wake? Libebe wangapi kwa wakati mmoja?"

Nguzo akafumba jicho moja, akakisia boriti. "Kumi na wawili. Wa kumi na tatu akiingia, anawazamisha wote."

"Kumi na mbili!" Mjumbe mnene aliruka mpaka vikombe vikaruka naye. "Mwenyekiti, na wa kumi na tisa aende wapi? Nasema tu kwa mfano!"

Nguzo akamshusha macho kutoka shingoni mpaka kwenye mkanda. "Wewe," akasema, "utapita peke yako."

Mjumbe akakaa, akafuta jasho, ameridhika. Alijua ameahidiwa kitu.

"Lakini tatizo lenu kubwa si daraja," Nguzo akaendelea, maana alishapata kasi. "Tatizo ni yale maji. Yanatoka juu. Machafu. Kila yakishuka yanaondoka na msingi. Hata mkijenga la dhahabu, nendeni kwanza huko juu mkaangalie kuna nini."

Feni ikagonga mara nne. Wajumbe wote walitazama meza, isipokuwa mwenyekiti aliyetazama feni. Mpika chai anasema kicheko kilitaka kumponyoka, akakigeuza kikohozi.

"Hilo la huko juu," mwenyekiti akasema hatimaye, "liko nje ya hadidu za rejea."

Wakamwomba awachoree. Aliwachorea palepale nyuma ya ajenda: boriti mbili, urefu hatua kumi, mbao thelathini na sita za inchi mbili, kingo kila upande za bibi kushikilia. Kila kipimo akakiandika. Akauliza lini, akaambiwa mwezi ujao. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeoa upya.

"Wamekubali," akamwambia mkewe. "Mwezi ujao unavuka."

"Viatu viko tayari siku nyingi," mdogo wangu akasema.

Wiki ya tatu redio ikatangaza. Ligi mpya, daraja moja, timu kumi na mbili, hakuna kushuka, kwa ushauri wa mtaalamu wa madaraja anayejulikana kama Nguzo, ambaye alionya kwamba wa kumi na tatu atawazamisha wote.

Sasa hapa mnapaswa kujua kwamba mtaa wetu una timu. Tunaiita Kumbikumbi, kwa sababu ikipaa haichukui muda kudondosha mabawa. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, haikuwa ya mwisho wala ya karibu na mwisho. Ilimaliza ya kumi na tatu.

Walikuja kwa Nguzo mchana uleule, timu nzima, na jezi zao. Mbele yao nahodha, fundi baiskeli wa njia panda, mikono bado ina grisi. Mimi nilikuwa pale kizingitini nachambua mchele na kuharibu jina la mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Upo. Tumekuja kukuuliza, tumekukosea nini?"

"Nani kawaambia mmenikosea?"

"Mwaka mzima tunakimbia, magoti yametutoka ngozi, tusishuke daraja. Wewe umetushusha umekaa kwenye kiti, una kikombe cha chai mkononi!"

"Nimewashusha kwenye daraja gani? Daraja halijajengwa!"

"Mzee, usitufanye watoto. Redio nzima imekutaja."

"Bado mbao hazijafika, ninyi mnaniambia mmeshuka!"

Hapo mchele ukanimwagika. Nilikuwa nimeelewa, na kicheko kilinibana mpaka nikashika ukuta. Nikamsogelea kwenye lile sikio zima.

"Shemeji. Hayo madaraja yalikuwa ya mpira."

Nguzo akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na sijawahi kumwona akikaa bila kuambiwa.

"Zile soga za asubuhi..."

"Ndio ulikuwa mkutano wenyewe, shemeji."

"Na mteremko?"

"Hakuna mteremko."

"Na boriti?"

Nyuma yake mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Nilingoja apige kelele. Afadhali angepiga. Aliinama taratibu, akaokota viatu vyake vilivyokuwa kando ya mlango, akarudi navyo chumbani, tukasikia vinasukumwa chini ya kitanda, kimoja, halafu kingine. Kicheko changu kikafia hapohapo, nikaanza kuokota mchele.

Hata Kumbikumbi wakapoa. Nahodha akachuchumaa mbele ya Nguzo.

"Sasa mzee, hiyo kumi na mbili uliitoa wapi?"

"Kwenye boriti. Boriti mbili za unene ule zinabeba watu kumi na wawili. Wakiwa wanene, tisa."

Nahodha alimtazama, akatazama wenzake, akacheka mpaka akajipaka grisi usoni akifuta machozi. "Yaani nchi nzima inacheza mpira kwa hesabu ya boriti!"

Kwenye mfuko wa shati la Nguzo kulikuwa na kadi ya shirikisho ya mwaliko wa uzinduzi wa muundo mpya, Jumatano, uwanja mkubwa. Nahodha akaichomoa. "Tunakwenda wote," akasema. "Utasimama mbele ya watu, utasema ulikuwa unasema boriti. Wakishajua, labda na sisi watatufikiria."

Nami nikaenda. Ningekosaje?

Tulipoingia uwanjani, Nguzo alisimama ghafla kiasi kwamba kipa alimgonga akaumia yeye kipa. Katikati ya uwanja, juu ya nyasi kavu kabisa, lilikuwa limesimama daraja. Boriti mbili. Hatua kumi. Mbao thelathini na sita. Kingo kila upande. Mpika chai akanieleza baadaye: mchoro ulipelekwa kwa seremala ukiwa na maelekezo kwamba utengenezwe mfano wa muundo mpya, kama ulivyochorwa. Seremala yule ni mtu wa kazi, hakuuliza maswali. Walichoongeza wao ni rangi, na majina ya timu kumi na mbili, kila timu mbao tatu.

Bendi ikapiga. Mgeni rasmi akapanda upande mmoja, mwenyekiti nyuma yake, wakavuka nyasi, wakashuka upande wa pili, watu wakashangilia. Kisha wakarudi, kwa sababu viti vyao vilikuwa upande ule wa kwanza. Mjumbe mnene akangoja wote wamalize, akapita peke yake.

Nguzo hakuwa na habari nao. Alikuwa chini, kwa magoti, anagonga boriti kwa kifundo cha kidole na kutega sikio zima. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Ni lenyewe, shemeji," akaniambia. "Wametumia mbao ngumu."

Akapewa kipaza sauti. Nahodha akamsukuma kwa nyuma: "Boriti, mzee! Sema boriti!"

"Daraja ni zuri," Nguzo akasema. "Lakini mmeliweka pakavu."

Uwanja ukapiga makofi. Nikaona waandishi wanaandika mbio.

"Mimi nilikuwa nasema boriti!" akapaza sauti.

Makofi yakazidi. Mwenyekiti akasimama kumpongeza, akamvisha shada la maua ya plastiki. Nahodha akakaa kwenye nyasi, akaweka kichwa kati ya magoti. Ndivyo Kumbikumbi walivyoachwa nje rasmi, kwa vigelegele.

Wakubwa walipoondoka akabaki mtunza uwanja, ameshika kiuno. "Nani anaondoa hili dude? Jumamosi nina mechi!"

"Itabidi kamati ikae," katibu akasema, akikusanya karatasi.

"Itakaa lini?"

"Ikishaundwa."

"Naliondoa mimi," akasema Nguzo.

Katibu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Una watu?"

Nguzo akawageukia Kumbikumbi. Nao walikuwa wanasoma zile mbao, timu baada ya timu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na yao haipo.

"Yaani, mzee," akasema nahodha, "tubebe daraja ambalo sisi hatumo?"

Nguzo alivua lile shada la plastiki, akalishika tu. Nahodha akamgeukia.

"Bibi atavuka?"

"Atavuka."

"Haya. Shikeni pande, jamani. Mabeki nyuma."

Waliazima mikokoteni miwili, wakaipitisha chini, wengine wakasukuma na wengine wakashika mabegani. Tukakatiza mji. Mabasi yalitupisha. Askari wa barabarani alipiga saluti, sijui kwa nani. Watu walivua kofia wakidhani ni mazishi, na mmoja alipouliza nani kafa, kipa akajibu, "Ligi." Nyuma yetu wakajipanga waombolezaji wasiopungua elfu sita, wengine walilia vizuri sana.

Kesho yake asubuhi waliliweka. Misingi ya mawe aliyoijenga Nguzo ujanani ilikuwa bado ipo kila upande. Ukarabati ulikuwa haujaifikia. Daraja likakaa juu yake kama kifuniko kwenye chungu chake. Nguzo akasimama katikati, akaruka mara mbili. Halikusema kitu. Shirikisho wamekwisha kutoa tangazo la kuutafuta muundo mpya, popote ulipo, na kamati imeundwa.

Mdogo wangu alitoka amevaa viatu. Hakumtazama mumewe. Alishika ukingo, akaweka mguu mmoja, akauacha hapo, akaweka wa pili. Mtaa mzima ulisimama ukingoni. Binti yake alikuwa ng'ambo ameshika mtoto kwa mikono miwili.

"Hapa nimemkanyaga nani?" mdogo wangu akauliza, maana kusoma hatukufundishwa, yeye wala mimi.

"Mabingwa, bibi!" Kumbikumbi wakajibu.

Akafuta kiatu. Akaenda hatua nyingine. "Na hapa?"

"Timu ya mjumbe mmoja hivi. Ilikuwa ya mwisho."

"Mbona iko mbele?"

"Ndiyo muundo wenyewe."

Alipofika katikati binti hakuweza kungoja tena, akapanda upande wake, wakakutana. Mdogo wangu akampokea mtoto, akamsogeza karibu, karibu kabisa, puani, akamtazama kama mtu anayehesabu. Kisha akakaa. Alikaa palepale juu ya mbao, miguu mbele, viatu vinang'aa, amejaza daraja zima kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Mama, watu wanataka kupita," binti akasema.

"Wangoje."

"Mtoto atataka kunyonya."

"Naye angoje. Mimi nimengoja miezi."

Wakajipanga. Huku wa sokoni na vikapu, kule wa zahanati, na Nguzo kando ya maji anajifanya anakagua jiwe ili watu wasimwone uso. Mwisho nahodha akajongea na wenzake, wote kwenye jezi, mpira kwapani.

"Bibi, tafadhali tupishe. Tunawahi mazoezi."

"Mazoezi ya nini?" akasema mdogo wangu, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Na ligi hamna?"